Maneno matano kwa rangi nyekundu

NYUMBA HII HAIUZWI. OGOPA MATAPELI. Sidhani kama kuna maandishi ya ukutani yanayojulikana Dar es Salaam kuliko haya. Yapo Tabata, yapo Mbagala, yapo Kigamboni; utayakuta kwenye vibanda visivyopigwa lipu na kwenye mageti ya watu wenye nazo. Lakini watu wakikaa kujadili sanaa ya mitaani hutaja nganya za Nairobi, zile matatu zilizochorwa mbele, nyuma na ubavuni, hutaja sura za wanamuziki zilizopamba kuta za mabaa, na maneno haya matano hakuna anayeyakumbuka. Yanahesabiwa kuwa tangazo tu, tena tangazo baya, la mtu asiyejua kupanga herufi.

Kwangu mimi hiyo ni grafiti, na imekomaa kuliko nyingi zenye rangi saba. Atakayebisha atasema grafiti ni kuandika ukuta wa mwenzio, na huyu kaandika ukuta wake. Haya, ni wake? Mara nyingi anayeshika brashi ni mmoja tu kati ya wanaodai nyumba. Mzee amefariki, mirathi haijafunguliwa, kaka mkubwa ameonekana na dalali, na wadogo zake wameamka asubuhi na kopo la rangi. Au ni mama aliyeachwa na watoto ndani, mume amehamia kwingine na huko aliko anazunguka na nakala ya hati. Au kweli ni tapeli wa mjini, kaghushi nyaraka za kiwanja ambacho mwenyewe yuko Muscat au Minneapolis na hajarudi kwa miaka. Katika hali zote hizo maandishi ni hoja ndani ya ugomvi, na ukuta ndio baraza.

Ukitaka kujua kwa nini mtu anakimbilia kopo la rangi badala ya ofisi, tazama sheria inampa nini. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, inamruhusu mtu mwenye maslahi katika ardhi kuweka zuio kwa Msajili wa Hati, ili mauzo yasipitishwe kimyakimya. Ni kinga nzuri, ila zuio linashika pale penye hati iliyosajiliwa, na sehemu kubwa ya Dar es Salaam imejengwa kabla ya mpima ardhi kufika. Huko nyumba inauzwa kwa karatasi ya mauziano, mashahidi wawili watatu na muhuri wa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Hakuna daftari ambalo mnunuzi atalifungua akutane na onyo. Basi onyo linawekwa mahali pekee ambapo hana budi kufika, kwenye nyumba yenyewe. Nani ananunua nyumba bila kwenda kuiona?

Mnunuzi aliyefika akayasoma maneno yale atapata taabu kubwa kulieleza baraza la ardhi kwamba alinunua kwa nia njema, hajui lolote. Mtaa mzima ni shahidi kwamba yalikuwepo. Dalali naye anaishi kwa asilimia yake, haishi kwa kesi. Akiona rangi nyekundu atampeleka mteja mtaa wa pili. Wakili angechukua wiki kuandika barua ya madai, na huenda barua ingeishia kwenye droo. Rangi inakauka siku hiyohiyo.

Kuna maandishi ninayoyapita mara kwa mara kwenye njia ya vumbi nyuma ya soko. Mwandishi alianza kwa kujiamini, herufi za futi nzima: NYUMBA HII. Alipofika HAI ukuta ukaanza kumwishia, UZ ikabanwa kwenye kona, na WI ikashushwa chini peke yake karibu na bomba la maji. Rangi imechuruzika kutoka kila herufi, dalili kwamba tina ilizidi. Chini kabisa palikuwa na namba ya simu. Tarakimu mbili za mwisho zimekwanguliwa kwa msumari au kwa kisu. Mvua haikwangui hivyo. Aliyefanya kazi hiyo alijua anachokitaka: onyo aliliacha, maana kulifuta kungeonekana na mtaa mzima, akaondoa njia ya kumpata aliyeliandika. Mnunuzi akiuliza, atajibiwa kwamba hayo ni ya zamani, ugomvi ulishaisha.

Wapo wanaosifu maandishi ya aina hii kwa ufupi wake, kana kwamba ukipunguza maneno nguvu inajileta yenyewe. Sikubaliani nao. NYUMBA HII HAIUZWI haisemi nani anataka kuuza, kwa nini, wala mrithi halali ni yupi, na haihitaji kusema, kwa sababu kila anayepita ana mjomba au shangazi aliyepitia hayo. Sehemu ndefu ya habari iko kwa msomaji. Ukutani kimewekwa kile tu ambacho msomaji hakuwa nacho, kwamba safari hii ni nyumba hii. Mpeleke mbele ya ukuta huo mtu wa nchi ambayo ardhi yote imesajiliwa, atashangaa: nyumba ngapi duniani haziuzwi, na hakuna anayejisumbua kuandika?

Ufupi huo una gharama pia. Anayeandika "haiuzwi" ameshautangazia mtaa kwamba yuko anayetaka kuiuza. Wenye kiwanja kisicho na ugomvi huandika kwa tahadhari tu, maana wanasafiri, na bado majirani watanong'ona: ni yupi kati ya watoto? Nimewahi kumsikia mama mmoja wa makamo akisema ni bora apoteze nyumba kuliko kuandika aibu ya wanawe barabarani. Sijui kama angeshikilia hivyo hivyo siku dalali akibisha hodi, lakini namwelewa.

Kwamba ufupi peke yake hautoshi, ushahidi uko kwenye kona yoyote yenye uvungu wa kiza. USIKOJOE HAPA. FAINI 50,000. Herufi ni nyekundu hizohizo, maneno ni machache zaidi, yamewekwa mahali penyewe hasa, na chini yake lipu imemomonyoka kwa chumvi. Kila msomaji anajua hakuna karani wa kupokea hiyo faini, na anajua choo cha karibu kiko wapi, yaani hakipo. Tena onyo lile linamwambia aliyebanwa kwamba wenzake walishapita hapa. Wenye kuta wakikata tamaa hugeukia matusi, wanaandika kwamba anayekojoa hapa ni mbwa, na nayo haisaidii.

Kuna mtu mmoja aliyeupeleka ufupi huu hadi mwisho wake, naye hakuwa wa kwetu. Arthur Stace alizaliwa Sydney, Australia, mwaka 1885, akakulia katika ulevi na umaskini, akapitia Vita Kuu ya Kwanza, akarudi akawa mlevi wa mitaani. Mwaka 1930 aliokoka. Novemba 1932 alimsikia mhubiri John Ridley akitamani kulipaza neno moja katika mitaa yote ya Sydney. Neno lilikuwa Eternity, Milele. Stace alitoka kanisani, akainama, akaliandika kwa chaki kwenye njia ya waenda kwa miguu. Aliendelea kuliandika karibu miaka 35, alfajiri watu wakiwa wamelala, hadi alipofariki 1967. Inakadiriwa aliliandika mara nusu milioni. Polisi walimsimamisha mara kadhaa kwa kuchafua njia. Mji mzima ulilijua neno na haukumjua mwandishi mpaka mwaka 1956.

Stace ananipa shida, kwa sababu neno lake linaonekana halina pa kuegemea. Hakuna jina la kanisa, hakuna mstari wa Biblia, hakuna mwaliko. Ila ukilitazama vizuri utaona mambo mawili. La kwanza ni mwandiko. Stace alikuwa hajui kusoma na kuandika sawasawa, lakini neno hilo moja lilimtoka kwa herufi za kuunga, nzuri, zenye mikia, zilezile kila mahali. Mtu aliyeliona Jumatatu hapa na Alhamisi kule alijua kwamba kuna mkono mmoja unaozunguka usiku. La pili ni chaki. Mvua ikinyesha limeondoka, na likirudi maana yake kuna aliyeamka tena saa kumi usiku kulirudisha. Msomaji hakuwa anasoma fundisho la dini. Alikuwa anamsoma mtu asiyechoka.

Tarehe 1 Januari 2000 Sydney iliukaribisha mwaka kwa kuliwasha neno hilo kwa mataa kwenye daraja lake kubwa, fataki zikilipuka, dunia nzima ikitazama kwenye televisheni. Wengi waliguswa. Mimi naona siku ile liligeuka kuwa nembo ya jiji. Neno lile lile, herufi zile zile, lakini sasa lina bajeti na mafundi umeme, na hakuna askari wa kumwuliza mwandishi anafanya nini pale.

Nyumbani tuna mfano mkali zaidi, na wenye damu. Kenya ilipiga kura tarehe 27 Desemba 2007, matokeo ya urais yakatangazwa tarehe 30, na nchi ikawaka. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, baadaye ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Kaulimbiu iliyoshika mitaani, kwa mdomo na kwa rangi, ilikuwa "No Raila, No Peace": bila Raila hakuna amani. Siku hizohizo, Kibera jijini Nairobi, msanii Solomon Muyundo anayejulikana kama Solo 7 alizunguka na rangi yake akiandika kwenye mabati, kuta na madaraja: "Keep Peace", tunza amani, na "Peace Wanted Alive", amani inatafutwa ikiwa hai, kwa mtindo wa matangazo ya polisi ya kumsaka mhalifu. Hakuchora njiwa wala mikono iliyoshikana. Aliandika tu, tena na tena, mpaka usingeweza kutembea Kibera bila kukutana na mkono wake.

Weka hizo mbili pamoja. Zote ni fupi, zote za lugha ileile, zote zimelibeba neno amani. Moja imeifanya amani kuwa sharti la kudai kitu, nyingine imeifanya kuwa kitu chenyewe kinachodaiwa. Ufupi umezitumikia zote mbili kwa uaminifu uleule, na ndiyo maana nasita kuusifu kama wema. Kisumu na kwingineko wenye maduka waliandika mlangoni kabila la mwenye mali ili waporaji wapite. Neno moja tu, na lilitosha kueleza nani achomwe na nani aachwe. Kilichompa Solo 7 uzito ni kwamba alikuwa mkazi wa palepale, akitembea na kopo la rangi katika njia ambazo wengine waliogopa kuzipita. Maneno yaleyale yangeandikwa na kampuni ya matangazo kutoka Westlands, yangepitwa.

Syria nako, Februari 2011, vijana wa shule katika mji wa Daraa waliandika ukutani sentensi ya kumwambia daktari kwamba zamu yake imefika. Hawakutaja jina. Rais Bashar al-Assad alisomea udaktari wa macho, hilo kila mtu alilijua. Rais Ben Ali alikuwa ameikimbia Tunisia mwezi mmoja nyuma na Mubarak ameondoka Misri, hilo nalo kila mtu alikuwa ameliona kwenye televisheni. Ndiyo maana neno "zamu" lilieleweka bila maelezo, foleni ilikuwepo tayari. Watoto walikamatwa na kuteswa, wazazi wakaandamana, na yaliyofuata yanajulikana hadi kuanguka kwa Assad Desemba 2024. Wanaosema rangi ya ukutani ilianzisha vita wanaisamehe serikali mapema mno. Ukuta ungeweza kupakwa chokaa kwa nusu saa. Serikali ndiyo iliyochagua kuwajibu watoto kwa mateso.

Ukitoka huko ukaja kwenye kuta zetu za kampeni, utacheka. Unajua ninazozisema: ukuta mrefu wa shule au kituo cha afya, rangi ni nyingi, nembo za wafadhili zimepangwa kulia, na sentensi ya kwamba kwa pamoja tujenge jamii jumuishi yenye amani na maendeleo endelevu kwa kizazi cha sasa na kijacho. Wachoraji ni hodari, siwalaumu, watu wanatafuta ada za watoto. Ila mimi hujiuliza swali moja mbele ya maandishi yoyote ya ukutani: ni nani angependa kuyafuta? Namba ya simu nyuma ya soko ilikuwa na adui mwenye kisu. Jamii jumuishi haina adui. Itakaa pale mpaka jua liipaukishe. Ubao wa Maskani ya Kisonge, kijiwe cha wana CCM pale Michenzani mjini Unguja, ulipata sifa na lawama kwa mistari michache ya chaki tu, kwa sababu kila Mzanzibari alijua pale wanakaa wa chama gani na chaki inamlenga nani. Sipendi mengi yaliyowahi kuandikwa pale, na baadhi yalistahili kufutwa. Hakuna, hata hivyo, aliyewahi kuupita ubao ule bila kuusoma.

Nimebakiza mwandishi mkubwa kuliko wote, ambaye hutumia herufi moja.

Alama ya X kwenye nyumba inaeleweka na mtoto anayetambaa. Inawekwa na serikali, mara nyingine na neno BOMOA chini yake na kifupi cha mamlaka husika. Wakazi wa bonde la Msimbazi waliijua vizuri mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016. Wa Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara kuelekea Kibaha, waliishi nayo kwa miaka kabla tingatinga hazijaja mwaka 2017 kusafisha hifadhi ya barabara, mita 121.5 kila upande, mahali ambapo baadaye zilijengwa njia nane. Ina hata sarufi yake: nyekundu maana yake hulipwi, kijani maana yake utafidiwa. Rangi tu imebeba hukumu nzima, na kuna familia zilizopata kujua ziko upande gani kwa kutoka nje na kutazama ukuta.

Athari zake huanza siku ileile, hata kama tingatinga itachukua miaka kumi. Benki haiipokei nyumba hiyo kama dhamana. Mpangaji anaomba kupunguziwa kodi, au anahama. Mwenye nyumba haezeki upya, hapaki rangi, hamalizii chumba cha uani. Wengine wanajibu kwa lugha ileile na ukutani palepale: KESI IKO MAHAKAMANI. Hapo sasa una mazungumzo kamili, raia na dola, kwa herufi moja na maneno matatu.

Lakini hata X inaweza kudharauliwa, na msiba wa Huruma, Nairobi, ulilionyesha hilo. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 jengo la ghorofa sita liliporomoka baada ya mvua kubwa na kuua watu wapatao 50. Lilikuwa limeshawekewa alama ya kubomolewa. Watu waliendelea kupanga na kulipa kodi, na siwezi kuwaita wajinga. Katika mitaa ambayo alama nyekundu zimejaa, zinawekwa na kufutwa, na majengo yenye alama yamesimama miaka na miaka, mpangaji wa chumba kimoja anaisoma X kama anavyosoma faini ya kukojoa. Anajua nani ameiandika, na anajua huyo hufuatilia mambo yake kwa kiasi gani. Alama ileile ya Kimara iliondoa mtaa mzima, na ya Huruma haikuwafanya watu waache kupanga.

Hilo ndilo linaloniudhi. Mwandishi wa nyuma ya soko aliandika maneno yake akaweka na namba ya simu. Kabla namba haijakwanguliwa, ungetaka kumbishia ungempigia. Dola, yenye majalada, wapima ardhi na wanasheria, inaandika herufi moja na kuondoka. Herufi hiyo haitaji ni sheria ipi imekiukwa, wala jalada namba ngapi, wala siku ya mwisho ya kuhama, wala ofisi ya kwenda kuuliza. Ufupi wa mwandishi yule ni wa mtu aliyeishiwa ukuta na rangi. Huo wa dola ni wa mtu asiyetaka kuulizwa, na kuuita uchache wa kisanaa ni kuusingizia sanaa.

Haihitaji mswada bungeni kurekebisha. Afisa anayeshika brashi aandike chini ya X namba ya jalada, tarehe ya mwisho na neno moja kati ya mawili, FIDIA au HAKUNA, kisha aache na karatasi yenye jina la ofisi na simu inayopokelewa. Rangi itakayoongezeka ni ya vikombe viwili vya chai. Mpangaji wa Huruma angekuwa na tarehe ya kuhesabia na namba ya kupiga, na mwenye nyumba wa Kimara angejua dirisha gani la kwenda kupanga foleni.